Hadithi Iliyosimamisha Cherehani

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Vibao kwa wateja, kwa majirani, na hata kwa mumewe anapotaka kumchokoza. Ukipita barabara ya maduka ukainua macho utaona sababu. Duka la dawa, kinyozi, muuza matairi, chuo cha ushonaji, wote wako chini ya herufi zake. Nyekundu yake haipauki upesi na mistari yake imenyooka, na yeye mwenyewe akipita hapo chini huvisoma vibao vyake kimoyomoyo na kuridhika. Haoni haya kujisifu. Husema kazi nzuri isiposifiwa na mwenyewe itasifiwa na nani, majirani?

Jambo ambalo wengi hawakulijua, mpaka mchapishaji mmoja alipokubali kutoa kitabu chake, ni kwamba mkono ule ule huandika hadithi. Waliojua walidhani ni mambo ya utu uzima, kama wengine wanavyoanza kufuga kuku. Walikosea sana. Alianza kuandika akiwa binti wa shule, na aliyemfundisha hakuwa mwalimu. Alikuwa baba yake, mwandika vibao kabla yake, mtu ambaye hakuwahi kusoma kitabu hata kimoja mpaka mwisho.

Kibao cha kwanza cha binti kilikuwa cha seremala. Baba aliugua homa, kazi imeahidiwa, akamwachia brashi. Binti akaanza kwa mbwembwe. Neno la kwanza alilipa karibu nusu ya ubao, akalitia na kivuli cha buluu. Vitanda vikatoka vinene. Kabati zikapungua kidogo. Alipofika kwenye meza ubao ulikuwa umekwisha, ikabidi meza zibanwe pembeni kabisa, ndogo kama sisimizi. Seremala alikitundika hivyo hivyo, maana mteja anayengoja kibao kizuri hafungui duka. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakiingia karakana yake na nyuso kavu, wakiuliza kama bado anauza zile meza ndogo.

Baba hakumgombeza. Alipopona alimpeleka mbele ya kibao kile akamwacha akitazame mpaka akachoka, kisha akamwambia kwamba ukuta hauna huruma, hauongezeki eti kwa sababu wewe una maneno mengi. Mwandika vibao anayeijua kazi yake huanza kupima kwenye herufi ya mwisho, akarudi nyuma. Ya mwisho ikishapata nafasi yake, ndipo unapojua ya kwanza iwe na ukubwa gani.

Siku hizi Mama Vibao akiulizwa anaandikaje, hutoa jibu hilo hilo, na anayeuliza hudhani anamtania. Hamtanii. Hadithi zake za mwanzo, alizoziandika nyuma ya karatasi za kufanyia mazoezi ya herufi, zote zilikuwa na ugonjwa wa kibao cha seremala. Zilifunguka kwa mvua na radi na ukoo wa shujaa mpaka babu wa babu, halafu kwenye ukurasa wa mwisho watu wanakufa kwa mkupuo kwa sababu karatasi imekwisha. Aliugua ugonjwa huo miaka kadhaa kabla hajautambua. Alipoutambua alicheka peke yake barabarani mpaka mwuza magazeti akamtazama. Tangu hapo hutafuta sentensi ya mwisho kwanza, na haandiki nyingine mpaka ameipata. Anaweza kuitafuta mwezi mzima, yuko juu ya ngazi na brashi mkononi, akijibu salamu za watu wasiomsalimu. Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache, amezoea. Akimwona mkewe anapika huku midomo inamcheza, anajua chakula cha siku hiyo ama kitakuwa na chumvi mara mbili ama hakina kabisa.

Alipoolewa, nyumbani alimkuta wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi usiopumzika. Majirani walitabiri vita. Mawifi wawili chini ya paa moja, walisema, ni suala tu la nani atarusha sufuria kwanza. Hawakurusha. Walikuwa chanda na pete, na kilichowaunganisha ni hadithi. Mama Vibao alikuwa na hadithi na hana msikilizaji, wifi alikuwa na masikio mazima na kazi isiyoisha. Basi alasiri za Jumapili wifi alikaa chumba cha mbele anashona, na Mama Vibao alisimama mlangoni akisoma kwa sauti ya kushinda kelele za cherehani.

Wifi hakuwahi kusema kama hadithi ni nzuri au mbaya. Haikuwa lazima. Hadithi ikilegea, cherehani ilikimbia. Ikianza kukolea, mwendo ulipungua, na pale penyewe hasa mguu ulikaa kimya juu ya pedali, sindano ikabaki hewani. Mama Vibao alikuwa na penseli sikioni. Palipokimbia alikata, palipotulia aliacha. Aliwahi kufuta maelezo ya ziwa wakati wa alfajiri, maelezo aliyoyapenda kama mwanawe, kwa sababu alipokuwa akiyasoma wifi alimaliza mkono mzima wa shati. Hakulia. Alisema ziwa limekufa kwa ajili ya shati, na akaendelea.

Ni hadithi moja tu ambayo hakumsomea wifi yake, na hiyo ilimhusu wifi mwenyewe.

Kila mtu mtaani anakijua kisa. Wifi alipokuwa msichana alichumbiwa na kijana mmoja fundi wa kutengeneza vyerehani. Siku ya harusi, wageni wamejaa, bibi harusi akatoka kwa mlango wa nyuma na hakurudi. Mama mkwe ndiye aliyemsimulia Mama Vibao habari hiyo, wakiwa jikoni, mara tu alipoingia katika ukoo ule: bwana harusi alikuja amelewa chakari, hawezi hata kusimama, na binti mwenye heshima zake akaona bora aibu ya siku moja kuliko aibu ya maisha. Mama mkwe amekwisha kufariki, lakini kisa kiliendelea kutembea bila yeye. Fundi yule bado yupo, kibanda chake kiko nyuma ya soko, si mbali. Na cherehani ya wifi ikiharibika, wifi hukifungua kichwa cha mashine, akakifunga kwa kitenge, akakipeleka kwa fundi mwingine upande wa pili wa mji. Watu walimwona na mzigo wake wakatikisa vichwa. Lisemwalo lipo.

Hadithi hiyo ilimjia Mama Vibao nzima nzima. Sentensi ya mwisho ilitangulia bila kuitwa, nyingine zikafuata kwa adabu. Alibadilisha mji, akampa bibi harusi kovu shavuni, lakini mtaa mzima ungemtambua hata angempa pembe. Mlevi ndiye aliyemnogesha zaidi. Alimwangusha mlangoni akiwa na ua kifuani, akampa maneno ya kuchekesha na ya kutia huruma, na mhariri alipoyasoma alipiga simu kusema kwamba hadithi hiyo ndiyo itakayofungua kitabu. Kitabu kingekwenda kiwandani Ijumaa.

Mumewe, ambaye kwa kawaida hatoi maoni juu ya fasihi wala juu ya chumvi, safari hii alisema. "Kibao ukikosea unapaka rangi juu yake. Kitabu je?" Kisha akachukua spana zake akaenda kazini. Mama Vibao alijua anachomwambia. Wifi akikataa, hadithi bora kuliko zote itaondolewa kitabuni. Wifi akichukia, zitaondoka na Jumapili zote za maisha yao. Aliogopa, na si mtu wa kuogopa. Lakini hakuwa na shaka na kazi yake. Alijiambia kwamba cherehani itaamua, kama ilivyoamua siku zote.

Jumapili ile alisimama mlangoni akaanza kusoma. Wifi alikuwa akishona sare za watoto wa shule. Mwanzoni cherehani ilikwenda mwendo wake wa kawaida, kisha pole, na bwana harusi alipoanguka mlangoni ikasimama kabisa. Mama Vibao alisoma bila kuinua macho. Kimya kikaendelea ukurasa ule, na uliofuata, mpaka mwisho. Haikuwahi kutokea hata mara moja. Nusu nzima ya hadithi bila mshono mmoja. Alishusha karatasi akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha, penseli ikiwa bado sikioni maana hapakuwa na cha kukata.

Wifi alikuwa ameitoa nguo chini ya sindano, mshono haujafika mwisho.

"Wifi," akasema, "huyu mlevi umemtoa wapi?"

Mama Vibao akajibu kwamba ni mama mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyemwambia, na mtaa mzima unajua.

"Yule hajaonja pombe maishani mwake. Alipoambiwa bibi harusi hayupo, miguu ilimwisha nguvu, akakaa chini kwenye vumbi na suti yake. Mama akaona pa kushikia. Akawaambia wageni, mnamwona, hata kusimama hawezi. Na yeye alisikia, wifi. Angesema neno moja tu, wangenigeukia mimi. Hakulisema."

Mama Vibao aliuliza alikuwa na kosa gani basi. Alimpiga? Alikuwa na mwanamke mwingine? Wifi alitikisa kichwa kwa yote, na alipoanza kueleza sauti yake haikuwa ile ya kila siku. Alisema asubuhi ile, akisukwa nywele, alichungulia dirishani akamwona bwana harusi anamfunga mjomba tai. Mjomba alikuwa mzito wa shingo na mwepesi wa hasira, tai inakataa, naye anaifungua na kuifunga upya, taratibu, anatabasamu.

"Nikaona huyu atanivumilia maisha yangu yote. Na mimi sikutaka kuvumiliwa. Sikumpenda, basi. Hakuna zaidi ya hapo. Unadhani cherehani naipeleka kule mbali kwa kumchukia? Sina uso wa kumwonyesha."

Halafu akamwambia lililobaki. Kwa sababu ya neno la mama yake, wazazi wa mabinti walimfungia yule fundi milango, mpaka akaoa akiwa na mvi. Lakini maneno ya mtaani huchoka, siku moja husahauliwa na watoto wasiowajua wenyewe. Hicho kitabu hakitachoka. Kitamwita mlevi hata wote wakiwa makaburini. "Umenisafisha," alisema, "na mimi sikukuomba maji."

Kwa miaka yote ile Mama Vibao aliamini kwamba cherehani ikisimama ni sifa. Hakuwahi kufikiri kwamba mguu wa mtu unaweza kusimama kwa sababu ameumia. Aliona aibu, na nisimfiche, pamoja na aibu alimlilia pia mlevi wake. Alikuwa mlevi mzuri sana. Usiku kabla ya kulala aliyasoma maneno yake mara ya mwisho, akacheka, akayakata yote.

Mhariri alimsikitikia mlevi yule kuliko mwandishi wake. Alisema hiyo ni hadithi ya kubuni, hakuna atakayejua. Mama Vibao akamjibu kwamba anayejua yupo nyuma ya soko, na kwamba yeye huwa anapita chini ya kila kibao alichokiandika, na anataka kupita na chini ya hiki. Mhariri alimpa mpaka Ijumaa asubuhi, si dakika zaidi. Alipokata simu, Mama Vibao akagundua kwamba hana sentensi ya mwisho. Aliitafuta juu ya ngazi, mbele ya duka la vipuri, haikuja. Akaitafuta jikoni. Mumewe alikula bila chumvi. Basi akafanya jambo ambalo baba yake angelilaani. Alianza kuandika bila kujua ukuta unaishia wapi.

Wifi ndiye aliyesimulia, yeye akaandika, na cherehani siku zile ilifunikwa kitambaa. Ilikuwa hadithi nyembamba kuliko ya kwanza, haichekeshi sana, na Mama Vibao, ambaye hajawahi kuidharau kazi yake, alijua kabla ya kuimaliza kwamba ni nzuri zaidi. Hapakuwa na mtu mbaya wa kumlaumu. Palikuwa na msichana, na dirisha, na tai ya mjomba. Mwishoni alimliza bwana harusi pale mlangoni, mbele ya wageni wote, kwa sababu aliona lazima ampe kitu baada ya kumnyang'anya kila kitu. Wifi aliposikia alisema haiendi popote mpaka mwenyewe aisikie. Akavaa viatu.

Kibanda cha fundi ni chumba kimoja chembamba, kuta zimejaa mikanda na magurudumu, kinanukia mafuta ya mashine. Fundi alikuwa ameinamia kichwa cha cherehani, miwani kwenye ncha ya pua, mzee sasa, vidole bado vyepesi. Aliinua macho, akamwona aliyesimama mlangoni, akaiweka bisibisi chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Mama Vibao alimwamkia shikamoo. Aliitika bila kumtazama.

"Nimekuja na hadithi," wifi akasema. "Ni yangu na yako. Soma, wifi. Mimi nitasimama hapa anione."

Mama Vibao akasoma. Alikuwa amezoea kusikilizwa na cherehani, na hapa zilikuwepo nyingi na zote kimya, hana namna ya kujua anakwendaje. Aliposoma kwamba bwana harusi hakuwa ameonja kitu siku ile, fundi alivua miwani. Aliposoma habari za tai, alitabasamu kidogo, bila shaka kwa kumkumbuka mjomba. Wifi hakuliondoa jicho lake kwake hata mara moja. Yule mwanamke ambaye mtaa mzima unauogopa ulimi wake hakuinamisha uso. Hadithi ikaisha. Nje watu wa soko walikuwa wakipatana bei.

Fundi aliuliza kama itachapwa hivyo hivyo. Mama Vibao akajibu kwamba akikubali itachapwa, asipokubali itachanwa hapo hapo.

"Ni kweli tupu," fundi akasema. "Ila kuna mahali umekosea. Umeandika nililia mlangoni. Sikulia siku ile, watu walikuwa wengi. Nililia kesho yake, nilipokuwa narudisha viti."

"Viti gani?" wifi akauliza.

"Vya wageni. Vilikuwa vya kuazima. Kila mtu aliondoka na hasira zake, hakuna aliyevikumbuka. Nikavibeba mwenyewe."

Miaka yote ile wifi alikuwa amelifikiria jina la fundi, na milango aliyofungiwa, na mvi zake. Viti hakuwa amevifikiria hata siku moja. Akajiegemeza kwenye mwimo wa mlango, na machozi yaliyokawia kiasi kile yakamtoka bila sauti.

"Nisamehe," akasema. "Nisamehe na viti."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliifuta miwani kwa pindo la shati, akaivaa tena, na Mama Vibao akamwuliza kwa upole, penseli mkononi, kama anaruhusu viti viingie.

"Viweke," fundi akasema. "Vilikuwa vingi."